Saa Moja ya Tromso

Thureya kaniambia kwa simu: Mama,
ni kilomita elfu nane mia tatu na arubaini,
lau ndege ingenyooka kama uzi wa timazi.
Mimi fundi cherehani wa Mikindani,
kilomita sijui kuikata wala kuipinda.
Nikatoa futi. Leso ni mita moja na nusu.
Nikapiga hesabu nyuma ya bili ya stima:
leso milioni tano na ushei,
zishonwe ncha kwa ncha
toka Port Reitz hadi kwenye theluji.

Mtoto wa jirani kaniazima ramani ya shule.
Nikatandika uzi mwekundu, ukalala sawa,
shibiri moja na vidole viwili.
Tikiti haikulala sawa.
Tikiti yapinda Adisi Ababa, yangoja saa nne,
yapinda Frankfurt, yangoja saa sita,
yafika Oslo, yalala kitini na koti limefunika uso.
Uzi ukaniishia, nikaunga wa buluu.
Kwa uzi ulionyooka, saa kumi.
Kwa uzi wenye mafundo, ishirini na nane.

Nisishangae, lakini. Nimevuka Likoni miaka kumi na tisa.
Maji yale ni mita mia tano,
na feri ikiharibika nimesimama saa mbili na robo
nyuma ya mtu mwenye mtungi wa gesi begani,
ng'ambo naiona, hata rangi ya mabati naiona.
Masafa si mwendo.
Hilo sikufunzwa na ramani.

Usiku wa safari tulipima sanduku
kwa mizani ya mchele, dukani kwa Shali.
Kilo ishirini na tano. Ruhusa ishirini na tatu.
Nikatoa viatu, akavirudisha.
Akatoa achari, nikairudisha.
Mwisho tukaitoa mbuzi ya kukunia nazi,
akacheka, ati huko nazi iko mkebeni.
Mbuzi ile hadi leo i mlangoni,
ulimi nje.

Ndege hupita juu ya paa letu kila siku,
glasi hulia kabatini, nami napinda pindo langu.
Ile ya saa kumi na moja na dakika arubaini
ndiyo pekee niliyoisimamishia cherehani.

Desemba akapiga. Mama, huku jua halitoki.
Halitoki vipi?
Halitoki. Mpaka Januari.
Nikamuuliza: sasa saa moja mwaijuaje?
Maana kwetu jua likishatoka ndipo twaanza kuhesabu,
moja, mbili, tatu, mpaka chai ya saa nne.
Kimya. Nikadhani salio limekwisha.
Twatazama saa ya ukutani, Mama.
Hiyo ni saa ya watu, nikasema, mimi nauliza ya jua.
Na swala?
Kuna karatasi imebandikwa msikitini.
Nikasikia anapangusa pua. Mafua, asema.

Babake ndiye aliyemwita Thureya,
nacho ni Kilimia, zile nyota zilizosongamana.
Huku kwetu Kilimia huzama, huzuka, watu wakalima.
Huko, asema, hakizami kabisa,
chazunguka usiku kucha
kama mtu atafutaye kiatu gizani.

Basi tukaagana: kwangu saa mbili usiku,
kwake kumi na mbili, jioni isiyokuwa na mchana.
Nikatoka uani na simu sikioni.
Wakiona? Mawingu, Mama. Wewe je?
Nikahesabu. Sita.
Kisha taa ya ndege ikapanda toka Port Reitz,
ikapita katikati yao, ikitweta nyekundu,
nikamwambia: saba.
Hazijawahi kuwa saba, Mama, kwa macho yako hayo.
Leo ni saba, nikasema, usinibishie.

Glasi zikalia kabatini.
Nikarudi ndani. Kuna sare kumi na mbili za kupinda,
shule zafungua Januari,
na sindano imeniingia uzi wa buluu.